Fundi anataka kushusha pampu ya pili kwenye kisima changu. Maji yataongezeka mara mbili?

*Habari za kazi, mtaalamu. Nina kisima kirefu Mapinga, Bagamoyo, kilichimbwa 2019. Kina mita 70, kesingi ya plastiki ya inchi 5. Karatasi ya wachimbaji inasema maji yametulia mita 24 na uwezo wa kisima ni lita 2,500 kwa saa. Pampu ni ya kuzama, HP 1, iko mita 54, inajaza simtanki la lita 3,000 juu ya mnara. Nina familia ya watu sita na wapangaji vyumba sita. Sasa naongeza vyumba vinne. Nina pia kuku 200 na robo eka ya mchicha na bamia. Kila asubuhi tanki linakauka kabla ya saa 2 na wapangaji wananigongea mlango. Nikiamka nawasha pampu lakini inazidiwa. Fundi wangu anasema tushushe pampu ya pili ya HP 1 kwenye kisima hichohicho, ikae mita 40, juu ya ile ya zamani. Anasema maji yatakuwa mara mbili, na moja ikiungua nyingine itaendelea. Fundi mwingine anasema jambo hilo haliwezekani kabisa. Nimsikilize nani?*

Kwanza hongera kwa kuitunza karatasi ya wachimbaji. Wengi huniandikia "pampu yangu HP moja, maji hayatoshi", basi, na hapo sina pa kushika. Wewe umeleta mita, inchi na lita, kwa hiyo tunaweza kuhesabu badala ya kubishana.

Umeuliza mambo mawili ukidhani ni moja. La kwanza ni kupata maji mengi zaidi asubuhi. La pili ni kutobaki mkavu siku pampu itakapoungua. Fundi wako amekupa dawa moja kwa maradhi yote mawili, na kwa kisima chako haiponyi hata moja. Huyo wa pili naye kapitiliza: pampu mbili ndani ya kisima kimoja zinawezekana, na zipo mahali zinafanya kazi vizuri. Ila si kwenye kesingi (lile bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya inchi 5, na si kwenye kisima cha lita 2,500 kwa saa.

Tuanze na maji yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Pampu haizai maji, inayapandisha tu. Yanayokuja kisimani yanatoka kwenye mchanga na mwamba ulio chini, na tabaka hilo linayaachia kwa kasi yake lenyewe, halijali umeshusha mashine ngapi. Pampu ikilala usiku kucha, maji hupanda hadi usawa wake wa kutulia, kwako mita 24 kutoka juu. Ukiwasha, yanashuka. Kushuka huko si hitilafu. Ndiko kunakoyavuta maji ya pembeni yaje. Yakishuka kiasi fulani, yanayoingia yanalingana na yanayotoka, na usawa unasimama. Ongeza kasi ya kuvuta, usawa utashuka tena kutafuta ulinganifu mpya. Ukivuta kuliko uwezo wa kisima, hausimami popote: unashuka hadi pampu inyonye hewa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, sembuse mashine mbili za umeme.

Sasa weka namba zako. Pampu ya HP 1 kwa kina hicho, ikiwa na afya, hutoa kama lita 2,000 kwa saa. Tuseme ikivuta, maji yanashuka kutoka mita 24 na kusimama mita 33. Yaani yameshuka mita 9. Hiyo 33 ni mfano wangu, halisi utaipima mwenyewe, nitakueleza namna. Pampu mbili zingehitaji lita 4,000 kwa saa. Hata kisima kikiwa na hisani ya kushuka kwa uwiano uleule, ni mita 18, na maji yanafika mita 42. Pampu ya fundi iko mita 40. Imeshabaki juu ya maji, inazungukia hewa. Na visima kwa kawaida havina hisani hiyo: kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo kila lita ya ziada inavyokugharimu kushuka kwingi zaidi. Karatasi yako yenyewe inasema ukomo ni 2,500. Pampu uliyonayo tayari inatumia sehemu kubwa ya uwezo huo.

"Lakini tutaijaribu kwanza", fundi atakwambia. Majaribio ya dakika kumi yamewauzia watu pampu nyingi sana nchi hii. Kesingi ya inchi 5 inabeba takriban lita 12 kwa kila mita ya urefu. Kati ya mita 24 na mita 54 kuna maji yaliyosimama zaidi ya lita 350, na pampu zote mbili zitayashambulia hayo kwanza kabla kisima hakijaulizwa kinatoa nini. Bomba litatema maji kwa nguvu, kila mtu atatabasamu, fundi atalipwa na kuondoka. Baada ya saa moja ndipo utaona maji yanakuja kwa mikupuo yenye mapovu.

Pampu kuzungukia hewa si jambo dogo. Maji yanayopita ndiyo yanayolainisha bearing zake na kupoza mota. Bila maji, sehemu za plastiki za ndani zinalainika kwa joto na kujikunja, na dakika chache zinatosha kuiharibu. Kwa hiyo ile hoja ya "moja ikiungua nyingine itaendelea" inageuka: ya pili ndiyo itakayoungua, na chanzo chake ni kuwepo kwa ya kwanza.

Kuna pia suala la nafasi, ambalo halihitaji hesabu bali futi kamba. Pampu ya kawaida ya kisima, ile inayoitwa ya inchi 4, ina unene wa karibu milimita 95 hadi 100. Kesingi ya inchi 5, kutegemea unene wa plastiki yake, hubaki na uwazi wa milimita 115 hadi 125 hivi. Ukiweka pampu mita 40, bomba na kebo vya pampu ya chini lazima vipite ubavuni mwake. Bomba la poli la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 32. Mia na thelathini na mbili haiingii ndani ya mia na ishirini na tano, hata ukisukuma kwa dua. Nimeona fundi akibadilisha bomba la chini kuwa jembamba ili mradi lipenye. Lilipenya kweli, lakini kila pampu ilipowaka ilijizungusha kidogo, kwa sababu mota hupiga teke inapoanza, na taratibu ikaisaga kebo ya mwenzake kwenye ukuta wa kesingi. Siku waliyotaka kuitoa, kamba ya juu ilikuwa imejisokota na bomba la chini. Pampu ya chini huwezi kuitoa mpaka ya juu itoke, na ya juu ikinasa, umepoteza zote mbili na pengine kisima chenyewe.

Kwa mtu wa Mapinga kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko pampu kuungua. Uko karibu na bahari. Chini ya maji baridi ya pwani, yaani yasiyo na chumvi, kuna maji ya chumvi, na maji baridi yanaelea juu yake kwa sababu ni mepesi. Kuna kanuni inayojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze uone ubaya wake. Ukiushusha usawa wa maji baridi kwa mita moja na kuuacha hukohuko, chumvi inaweza kupanda makumi ya mita, taratibu, kwa miezi au miaka. Ikishaingia, kupumzisha kisima wiki mbili hakuiondoi. Pwani, kuvuta kidogo kwa saa nyingi ni salama kuliko kuvuta kwa pupa saa chache. Nunua au azima kile kipimo kidogo cha kuchovya kinachosoma chumvi iliyomo kwenye maji, upime mara moja kwa mwezi na uandike kwenye daftari. Ukisubiri ulimi ukwambie, umechelewa.

Umeme nitaugusa tu. Mota ya fezi moja inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme inaoutumia ikiwa imetulia. Mbili zikianza pamoja kwenye laini ndefu ya mtaani, umeme unashuka, mota zinapata joto, breka inaanguka. Zikiwa mbili, lazima zipishane kuanza na kila moja iwe na breka na kontrol boksi yake.

Turudi asubuhi kwako. Umeandika kitu kimoja kama cha kupita tu: "nikiamka nawasha pampu". Mimi naona hapo ndipo penye tatizo lako.

Hebu tuhesabu matumizi ya siku nzima, vyumba vipya vikiwemo. Vyumba kumi vyenye watu wawili hadi watatu kila kimoja, pamoja na familia yako, ni kama watu 31. Kwa lita 70 kila mtu, ambayo si kidogo kwa nyumba za kupanga, ni lita 2,200 hivi. Kuku 200 wa mayai kwa kawaida hawafikishi lita 80 kwa siku. Bustani ndiyo mlafi: robo eka ni karibu mita za mraba 1,000, na kwa lita 5 kila mita kiangazi, ni lita 5,000. Jumla haifiki 7,500. Pampu yako ya sasa, kwa lita 2,000 kwa saa, inazimaliza kwa chini ya saa nne. Siku ina saa 24.

Kwa hiyo kisima chako hakina upungufu wa maji. Unachokosa ni mahali pa kuyaweka wakati hakuna anayeyatumia. Saa sita za usiku, pampu imelala na maji yamepanda hadi juu, tanki lina nusu tu kwa sababu jana jioni walioga na hakuna aliyewasha. Saa 12 asubuhi watu wote wanafungua bomba pamoja, wewe ndiyo kwanza unavaa malapa kwenda kuwasha.

Anza na floti kwenye tanki, iwashe na kuzima pampu yenyewe bila wewe. Ni kifaa cha bei ndogo, na peke yake inaweza kuwanyamazisha wapangaji wako wa sasa. Kisha ongeza tanki la lita 5,000, ila usilipandishe kwenye mnara uleule: maji hayo ni tani tano, na minara mingi ninayoiona ilijengwa kwa kukisia. Liweke chini kwenye jukwaa la zege. Pampu ya kisimani ijaze hilo la chini, halafu pampu ndogo ya juu ya ardhi ipandishe maji kwenye la mnarani. Ukitaka pampu mbili, basi hizi ndizo pampu mbili ninazokubali: moja kisimani, moja nje, mahali unapoweza kuigusa kwa mkono na kuibadilisha bila kuvuta mita 54 za bomba. Umeme ukikatika asubuhi, maji ya mnarani yapo. Bustani imwagiliwe jioni, ichukue kwenye tanki la chini, isishindane na watu wanaooga.

Kubadilisha pampu na kuweka kubwa zaidi? Kwa kisima cha lita 2,500 huna nafasi. Utaongeza lita 500 kwa saa ukijitahidi, na utakuwa unavutia ukingoni kila siku. Fikiria hilo tu kama kipimo kipya kitaonyesha kisima kina uwezo mkubwa kuliko karatasi, na hata hapo tazama bomba la kupandishia: maji mengi kwenye bomba jembamba yanakula nguvu ya pampu bure. Kwa sababu hiyohiyo, pampu mbili zikiunganishwa kwenye bomba moja hazitoi maji mara mbili hata kisima kikiwa ziwa.

Kuhusu hofu ya kubaki mkavu, hiyo ni halali kabisa na usiipuuze. Lakini pampu ya akiba mahali pake ni stoo. Ikikaa kisimani bila kuzungushwa inaweza kukwama kwa kutu na machicha, na siku unayoihitaji ikakataa. Nunua pampu ya pili kama uwezo unaruhusu, iwe ya aina ileile, uiweke ndani kwenye boksi pamoja na kapasita ya ziada, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza, maana mara nyingi kinachokufa ni kapasita na si pampu. Pampu ikifa, fundi na wasaidizi wawili wanaibadilisha kwa nusu siku, na tanki la lita 5,000 linakuvusha muda huo.

Ukija kuwa na vyumba thelathini, zungumzia kisima cha pili. Kichimbwe mbali na hiki kadiri kiwanja kinavyoruhusu, vinginevyo vitagombea maji yaleyale. Uchimbaji unahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa Bagamoyo ofisi husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Waulize pia kuhusu kibali cha kutumia maji, hasa kwa kuwa una wapangaji na bustani.

Nani basi anaweza kuweka pampu mbili? Mwenye kesingi ya inchi 8 na kisima kilichopimwa kikaonekana kinazimudu zote, kwa mfano shule ya bweni au hospitali. Kila pampu iwe na bomba lake, kebo yake na ulinzi wake, na zibadilishane zamu. Ya chini ivalishwe bomba la nje linalolazimisha maji yapitie kwenye mota kwanza, kama matundu ya kesingi yako juu yake. Kwenye inchi 6 inawezekana ya juu ikiwa ile nyembamba ya inchi 3, na ni kazi ya fundi anayejua. Wenye visima vipana vya kuchimbwa kwa mikono, vya pete za zege, wana nafasi tele. Hao nawaonya jambo moja. Msishushe injini ya petroli kisimani, wala mtu asiingie ikiwa injini inanguruma karibu na mdomo. Moshi wake hauonekani wote, na umeua wengi kwenye visima, pamoja na waliofuata kuokoa.

Kabla hujatumia hata shilingi, pima. Usiku zima pampu. Saa 12 asubuhi shusha uzi usiovutika wenye nati nzito mwishoni, taratibu, kupitia tundu dogo la kifuniko, hadi usikie ikigonga maji. Funga fundo, toa, pima kwa futi. Ukiona uzi unajikwaa kwenye kebo, acha, mwite mwenye kipimo cha umeme kinacholia kikigusa maji. Washa pampu na uiache ivute angalau saa nne, maji yaende bustanini. Pima usawa kila dakika kumi kwa saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Wakati huohuo kinga ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 36, unapata lita 2,000 kwa saa. Ikichukua dakika nzima, pampu yako imechoka au bomba linavuja ndani ya kisima, na hapo umegundua ugonjwa mwingine kabisa ambao pampu ya pili ingeuficha.

Usawa ukisimama na ukabaki na mita kumi au zaidi juu ya pampu, fuata mpango wa floti na tanki bila woga. Ukiendelea kushuka bila kusimama, zima, mwite mchimbaji mwenye leseni afanye kipimo rasmi cha saa nyingi. Mwite pia ukiona mchanga ndani ya ndoo, maji yakibadilika ladha, au breka ikianguka zaidi ya mara moja. Hiyo ya mwisho ni ya fundi umeme, na usiirudishe kwa nguvu.

Vyovyote itakavyokuwa, weka kifaa cha kuizima pampu maji yakipungua. Vipo vinavyosoma mzigo wa mota kutoka kwenye boksi la juu, havihitaji kutoa kitu kisimani. Mkilazimika kuitoa pampu, msiburuze bomba kwenye matope kisha mkalirudisha. Baada ya kazi mimina kisimani pungufu kidogo ya lita moja ya dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala rangi, ikiwa imechanganywa kwenye ndoo mbili tatu za maji. Acha hadi kesho yake, kisha vuta na kumwaga mbali na mboga mpaka harufu iishe. Siku hiyo wapangaji watumie maji ya tanki lililojazwa kabla hujaanza kazi.